Mama yangu alikataa kuwashika mapacha wangu, mpaka siku kwaya ilipoimba

Wakuu, mwadila, ndiyo salamu ya kwetu Usukumani.

Kisa hiki ni changu mwenyewe. Mke wangu kakaa hapa pembeni anasoma kila ninachobonyeza, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina pa kuipitishia.

Juzi nimewaona humu mmechachamaa. Mmoja anasema kanisa limetuulia mila zetu, mwingine anasema mila ni ushetani mtupu, mpaka mkaanza kutukaniana wazazi. Nikajisemea hawa wangekuwepo kwetu Bariadi mwaka ule wangepunguza makelele.

Niwaweke sawa kwanza. Sisi Wasukuma hatuna jando na unyago kama watu wa Pwani. Kwetu anayeingizwa ni mzazi aliyepata mapacha, wenyewe tunawaita mabasa. Mke akijifungua mapacha, yeye, mumewe na wale watoto wanaonekana wamebeba jambo zito mpaka wafanyiwe ngoma. Wanaogeshwa maji ya dawa, wananyunyiziwa, zinaimbwa nyimbo ambazo nyingine ni matusi ya nguoni, wakwe wanarushiana maneno na hakuna kukasirika. Nyimbo za ndani kabisa ambaye hajafanyiwa hazisikii, zinaimbwa uani na yeye anafukuzwa.

Kabla ya ngoma huingii shamba la mtu, mazao yake yataharibika. Wanawake wakikutana na mama mapacha njiani wanakaa pembeni apite. Na watoto, wanasema, watatoka vidonda au macho yataharibika, au watarudi walikotoka.

Sasa kanisani kwetu sheria ilikuwa moja tu. Ukicheza ngoma ya mapacha unatengwa, meza ya Bwana unaisikia kwa wenzako, na watoto hawabatizwi mpaka usimame mbele ya watu utubu.

Mimi ndiyo nilikuwa mwalimu wa kwaya wa hilo kanisa.

Ilikuwa miaka ile pamba imeachiwa kampuni binafsi, kila kijiji mizani tatu nne za watu tofauti. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kampuni mojawapo, kijana wa form four, nina baiskeli mpya na redio kaseti. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, Bariadi bado ni Shinyanga. Kwaya nayo ilikuwa imepata kinanda cha betri, vile vya plastiki vilivyoanza kujaa madukani biashara ilipofunguliwa. Nilikuwa najiona kidume, msinicheke.

Mke wangu Minza, binti wa Mwandoya, akajifungua uzao wa kwanza. Kulwa wa kiume, Doto wa kike.

Mimi naitwa Shija. Wasukuma humu mmeshaelewa. Shija ni mtoto aliyezaliwa akifuata mapacha. Mapacha walionitangulia walikufa wachanga, na nyumbani walikuwa hawasemwi kabisa. Nilijua jina langu limetoka wapi, basi. Sikuwahi kuuliza zaidi.

Jumapili ya kwanza baada ya uzazi nikasimama kanisani kutoa shukrani. Ingetosha kusema asante Mungu nikakaa. Lakini mimi nilikuwa na mdomo. Nikasema, "Na ninatangaza mbele ya ushirika huu, nyumba yangu haitachezewa ngoma ya mapacha kamwe!"

Kanisa zima makofi. Mzee Masunga, katibu wa wazee wa kanisa, yule aliyekuwa na daftari la waliotengwa, akanyanyuka kunipa mkono. Aisee nilivimba kichwa.

Kosa langu ni hili. Mama yangu, mayu, alikuwa bado hajaambiwa. Nyumba yake na yangu zilitazamana, uwanja mmoja. Baba alishafariki, mimi ndiye mwanaye pekee wa kiume, na nimepanga mambo ya wajukuu wake mbele ya watu baki kabla sijamwambia yeye.

Kabla sijafika nyumbani na baiskeli yangu, maneno yalikuwa yameshafika kwa miguu.

Nikamkuta kakaa mlangoni pake anachambua choroko. Nikamsalimia. Akaitikia vizuri tu. Halafu akasema, "Basi mimi sitawashika."

Nikadhani ni hasira. Nikasema moyoni atazoea.

Hakuzoea.

Yaani wakuu, mwanamke yule alikuwa anampikia Minza uji kila asubuhi, uji wa ulezi na maziwa, anautoa nje, anauweka juu ya jiwe katikati ya uwanja, anarudi kwake. Minza anatoka kuuchukua. Kisha mayu anauliza kutoka mlangoni pake:

"Wamenyonya?"

"Wamenyonya, mayu."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Ndiyo salamu yao hiyo, kila siku ya Mungu. Hajawahi kuvuka lile jiwe. Mtoto akilia anasimama, anashika kanga yake kifuani, anakaa tena.

Minza alikonda. Ni uzazi wake wa kwanza, mama yake yuko Mwandoya, watoto wawili, na bibi yupo hatua ishirini hashiki hata mmoja. Majirani wanamkwepa. Palizi ya pamba ndiyo imeanza, mimi nikitoka kazini nakwenda shamba peke yangu kwa sababu hakuna wa kushirikiana naye. Siku moja Minza akaniambia, "Baba Kulwa, wewe ulipigiwa makofi. Mimi nimepigiwa nini?"



Watoto walipofikisha mwezi na nusu hivi, Doto akapata homa kali. Nikampakia Minza kwenye baiskeli, Doto mgongoni, Kulwa kifuani, tukakanyagia hospitali mjini. Njia nzima nawaza vidonda, macho, "watarudi walikotoka". Mimi, mwalimu wa kwaya! Walimchoma sindano, tukalazwa siku tatu. Dada wa wodini akasema ni malaria, na mngechelewa kidogo mngejuta.

Tunarudi, tunamkuta mayu kasimama pale kwenye jiwe. Macho yamevimba. Hakusema "nilikwambia". Aliuliza tu, "Wamerudi wote wawili?"

Nikavunjika. Nikamfuata nikamwambia kwa sauti ya chini, mayu, basi, tufanye hiyo ngoma. Tuwapeleke kwa shangazi kule Mkula, huko hakuna wa kanisani kwetu, ifanyike kimya kimya, tuwabatize baadaye.

Nilidhani nimempa zawadi. Akaniangalia kama mtu aliyemkuta mwanaye anaiba.

"Ngoma ya mabasa haifichwi, Shija. Wewe unataka kuwaficha watu watoto wako kama mali ya wizi? Kama hutaki, kataa mchana. Usiwafiche."

Basi. Mlango wa siri nao ukafungwa. Nikifanya hadharani, kanisa linanitenga na watoto hawabatizwi. Nisipofanya, mama yangu atazeeka hajawagusa wajukuu wake. Stress niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nagawa dawa ya pamba ya kampuni, namwandikia mkulima deni la mtu mwingine mpaka nikafokewa.

Tarehe ya ubatizo ikapangwa. Mchungaji wetu, Msukuma mwenzetu, mtu mpole asiyependa makelele, akaniambia, "Mwalimu, tunga wimbo wa watoto wako."

Hapa ndipo nilipojipalia makaa bila kujua.

Tangu nikiwa mdogo mayu alikuwa na wimbo wake wa palizi. Hauna maneno, ni kuguna tu na mdomo umefungwa, anapalilia huku anaguna. Una mstari mrefu, halafu kuna mahali ananyamaza. Ananyanyua jembe, kimya, kama anasubiri kitu, halafu anaendelea. Mahali pale pale kila mara. Niliupenda mno huo wimbo. Kila nikiwa na mawazo, ndiyo unanijia.

Nikauchukua. Nikauwekea maneno ya kumshukuru Mungu kwa watoto, sauti nne, kinanda kinapiga chini. Pale pa kunyamaza nikapaacha wazi vilevile, kinanda kimya, kwaya kimya, halafu tunaingia tena wote. Nikawaambia wanakwaya huo ni ubunifu.

Vijana waliupenda. Lakini kwenye sauti ya pili tulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mama Ng'washi. Siku ya kwanza ya mazoezi akaziba mdomo na kanga. Tukirudia, anaziba tena, mabega yanatikisika.

"Mwalimu, huu wimbo umeutoa wapi?"

"Kichwani kwangu, mama."

"Kichwani kwako! Na hapa pa kunyamaza?"

"Hapo ni ufundi tu."

"Haya. Mungu akubariki na ufundi wako," akasema, akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Wakuu, asiyejua maana haambiwi maana. Niliendelea kujimwambafai kwa wiki nane.

Siku ya ubatizo nikaenda kwa mayu asubuhi, nikamwomba aje. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona kanisani, nilijua ni ubishi wake. Akasema ana shamba. "Jumapili, mayu?" Akasema magugu hayajui Jumapili.

Tukaenda. Kanisa limejaa. Minza kavaa gauni jeupe la mtumba, zuri kuliko la dukani, kambeba Doto, mamkwe wangu aliyetoka Mwandoya kambeba Kulwa. Mchungaji akabatiza. Doto akalia, Kulwa akalala.

Wakati natoka kwenda mbele kuongoza kwaya, nikatupa jicho dirishani. Kwa nje, upande wa kivulini, kasimama mwanamke kajifunika kanga kichwani, ana jembe begani. Ni mayu. Kabeba jembe ili akiulizwa aseme anapita kwenda shamba.

Nikanyanyua mikono. Wimbo ukaanza.

Mstari wa kwanza ukaenda vizuri. Tukafika pale pa kunyamaza. Kinanda kimya, kwaya kimya.

Kutoka dirishani ikaingia sauti, kali, juu kabisa:

"Babiliii!"

Yaani "wawili". Na vigelegele.

Nikashtuka, lakini mikono ilikuwa imeshazoea, tukaingia mstari wa pili. Tukafika tena pale. Safari hii ikajibu benchi lote la bibi vizee waliokaa nyuma: "Babiliii!" Mamkwe wangu naye, na Kulwa mkononi: "Babiliii!" Mama Ng'washi, ndani ya kwaya yangu mwenyewe: "Babiliii!"

Mpaka mwisho wa wimbo bibi wawili walikuwa wamesimama wanatikisa mabega, na mimi nimeloa jasho. Nilikuwa nimeshaelewa. Ule haukuwa wimbo wa palizi. Ulikuwa wimbo wa mapacha, ule wa ndani kabisa, na pale pa kunyamaza palikuwa pa kuitikia. Nimeuimbisha kwa kinanda, sauti nne, mbele ya madhabahu!

Mzee Masunga akasimama.

"Mchungaji! Hii ni ngoma! Huu ndiyo wimbo wenyewe wa mabasa, ule wa uani! Mwalimu ameingiza ngoma ndani ya nyumba ya Bwana!"

Nikamwangalia Minza, kamkumbatia Doto. Nikajua leo hii, siku hii hii ya ubatizo, natengwa.

Mchungaji akafunga Biblia yake taratibu. Akauliza, "Mzee wangu, ule wa uani?"

"Ndiyo, wenyewe."

"Mimi najua kule uani asiyefanyiwa haingii."

"Haingii kabisa!"

"Sasa wewe umeujulia wapi?"

Wakuu, Mzee Masunga akafungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia kofia yake. Mke wake, aliyekuwa kwenye lile benchi la vigelegele, akainamisha kichwa, na hapo ndipo mtu wa kwanza akacheka. Kicheko kikatembea benchi kwa benchi, mpaka watoto wasiojua kitu wakacheka. Mzee akakaa. Baada ya kidogo nikaona na yeye mabega yanacheza.

Mchungaji akasubiri kutulie. Akasema, "Maneno niliyoyasikia ni ya kumshukuru Mungu kwa watoto wawili walio hai. Aliyesikia maneno mengine aniambie." Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Basi tuombe."

Pumzi niliyoshusha hapo sijawahi kushusha nyingine kama hiyo mpaka leo.

Tukiwa tumeinamisha vichwa nikasikia mlango. Nikafumbua jicho moja, Mungu anisamehe. Mayu anaingia. Kaegemeza jembe ukutani, kavua kandambili, anatembea katikati ya kanisa kwa miguu mitupu mpaka mbele. Akasimama kwa Minza, akanyoosha mikono yote miwili.

Minza akampa Doto. Mamkwe akampa Kulwa.

Akawashika wote kwa pamoja. Akawanusa vichwani, huyu, kisha huyu. Minza akaanza kulia, mimi nikawahi kugeukia kinanda nikajifanya natafuta swichi.

Mayu akanisogelea akasema kwa Kisukuma, taratibu, kama anamweleza mtoto: "Wale wa kwangu hawakuimbiwa wakiwa hai."

Nilikuja kupata habari yote jioni ile, kwa kinywa chake. Baba alipookoka, moto mbichi kama mimi, mapacha wao walikuwa na siku chache tu. Akakataa ngoma, akatangaza kanisani. Akapigiwa makofi pia. Watoto wakashikwa na homa, wakaondoka wote wiki moja. Ukoo ukamwosha mayu peke yake baada ya msiba, ndiyo akaujua ule wimbo, mikono mitupu. Kanisani hakurudi tena. Akabaki anauguna shambani, akifika pa kuitikia ananyamaza, kwa sababu hakuna wa kuwaitikia.

Na wangu hakuwashika kwa sababu aliogopa mikono yake. Aliamini akiwagusa kabla hawajaimbiwa watawafuata wenzao. Ule ubishi niliodhani ni wa kunikomoa, kumbe alikuwa anawalinda wanangu dhidi ya mikono yake mwenyewe.

Miezi yote ile sikumuuliza swali moja jepesi: mayu, unaogopa nini?

Siku hiyo alikaa nao mapajani mpaka miguu ikafa ganzi, akagoma kuwashusha. Lile jiwe la uji aliliviringisha mwenyewe hadi jikoni, likawa la kuegeshea sufuria.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, bila jembe.

Na kabla sijasahau. Baada ya ibada ile ya ubatizo Mchungaji alinivuta pembeni. Nikajua sasa ndiyo karipio lenyewe. Akaniambia, "Mwalimu, mstari wa mwisho mmeupandisha. Ule unashuka." Akaenda zake kula pilau.

Najua kuna mtu atauliza, kwa hiyo ngoma ilifanyika au haikufanyika? Mkuu, mayu alisema watoto wameimbiwa na watu wameitikia, mchana, hakuna kilichofichwa. Mchungaji alisema ilikuwa ibada. Mimi nani niwabishie hao wawili? Na homa nayo tuliendelea kuipeleka hospitali, hiyo haikuwa na mjadala.

Mayu ametutoka miaka kadhaa sasa, uzee tu. Kulwa na Doto walikuwa mbele kubeba msalaba na picha.

Kilichonifanya niandike ni Doto. Yuko Dodoma na mumewe, wiki iliyopita kajifungua salama. Wawili. Kanipigia simu analia na kucheka, anasema mama mkwe wake ana lake, kanisa lao lina lake, "Baba, tufanyeje?"

Nikamwambia mwanangu, kwanza mkalishe mama mkwe wako umuulize anaogopa nini, halafu nyamaza umsikilize. Msimamo utautangaza baadaye, haukimbii. Kisha nikamwambia weka simu karibu na watoto.

Nikaimba. Sauti sina tena, ila mstari wa mwisho nilikumbuka kuushusha. Nilipofika pale pa kunyamaza, nikanyamaza.

Kutoka jikoni, Minza, mikono ina unga wa ugali: "Babiliii!"

Na kwenye simu, kwa mbali, Doto.

Wakuu, mliolelewa kanisani huku bibi zenu wana mambo yao, leteni za kwenu hapa chini. Na mwenye mama aliyenuna, funga uzi huu uende ukamuulize kwanza. Sisi tutakusubiri.